Jinsi ya kuituliza haidropleni ya rimoti isidunde wala kubinuka

Ujumbe ninaoupata karibu kila wiki ni ule ule. Mtu kanunua haidropleni ya rimoti (boti ya mbio inayogusa maji kidogo tu ikiwa kasi), kachaji betri, kaenda ziwani, kavuta kifyatuo mpaka mwisho, na boti ikapaa kama kunguru kisha ikatua chali. Mpwa wangu wa Tanga ndiye aliyefungua mlango: "Mjomba, ninunue propela gani isiruke?" Usinunue kitu. Boti nyingi ninazoletewa hazina upungufu wa nguvu hata kidogo. Utakuta upande mmoja umekaa chini kuliko mwenzake, strati (ule mguu wa chuma wa nyuma unaobeba shafti ya propela) imelegea, betri imesokomezwa pale ilipoenea. Hayo yanatibika mezani kabla hujalowesha kidole.

Ninayoeleza hapa ni haidropleni ya umeme ya pointi tatu, urefu wa sentimita 70 hadi 80, betri ya LiPo (lithiamu-polima) ya seli 4. Ndizo tunazokimbiza wengi huku jimbo la Washington, Marekani. Yako ikiwa kubwa au ndogo zaidi, hatua hazibadiliki, badilisha vipimo.

Nadharia ni hii tu. Boti hii ikishika mwendo haielei, inakanyaga maji kwa nukta tatu: visigino (sehemu ya nyuma chini) vya zile sponsoni mbili za mbele, na nusu ya chini ya propela kule tezi, yaani nyuma ya boti. (Sponsoni ni ile miguu miwili ya pembeni. Mtu wa ngalawa ataiona na kusema ni ndubi zilizobandikwa ubavuni, na sitabishana naye.) Nusu ya juu ya propela inazunguka hewani. Haidropleni kubwa iitwayo Slo-mo-shun IV ilikimbia hivyo hivyo kwenye Ziwa Washington tarehe 26 Juni 1950 ilipoweka rekodi ya kilomita 258 kwa saa. Sasa, sehemu kubwa ya boti ikiwa hewani, upepo unapita chini ya sitaha na kuiinua. Ukiinua omo, yaani pua ya boti, kupita kiasi, hairudi. Januari 1967 Donald Campbell, Mwingereza aliyekuwa akisaka rekodi ya mwendo, alikufa kwenye ziwa la Coniston, Uingereza, boti yake Bluebird K7 ilipoinua pua ikiwa na mwendo wa zaidi ya kilomita 480 kwa saa na kubinuka. Kiboti chako kinabinuka kwa sababu ile ile.

Andaa hivi kwanza

- Kipande cha kioo kinene, kirefu kuliko boti. Meza ya mbao imepinda hata kama huioni.
- Pima maji ndogo ya fundi.
- Kipima pembe cha dijitali, kile chenye sumaku chini.
- Rula ya chuma na kalamu ya wino usiofutika.
- Funguo za L zinazoingia sawasawa kwenye skrubu zako. Ufunguo uliolika utakuharibia vichwa vya skrubu.
- Mizani ya kusawazishia propela, tupa ndogo laini, msasa namba 400 na 600.
- Grisi isiyoyeyuka majini.
- Velkro, selotepu pana, na chubwi chache za mvuvi kwa ajili ya uzito.
- Kipima volti cha kila seli.
- Daftari na penseli. Penseli, si kalamu. Wino na maji ya ziwa havipatani.

Onyo kabla ya yote: ukifanya kazi mezani, betri iwe imechomolewa. Propela ya aina hii huzunguka karibu mara 30,000 kwa dakika na kingo zake ni wembe. Siku ya kwenda majini washa rimoti kwanza, boti baadaye. Ukimaliza, zima boti kwanza, rimoti mwisho.

Hatua ya 1: Kioo ndicho maji yako

Laza kioo, kisawazishe kwa pima maji pande zote mbili. Weka boti juu yake ikiwa na kila kitu ndani, betri pia, lakini propela, usukani na pezi la kona (bati la sponsoni linalozuia boti isiteleze kwenye kona) umevivua. Visigino vya sponsoni viguse kioo na tumbo la strati liguse kioo. Hivi ndivyo boti itakavyokaa majini ikiwa kasi.

Hapa wengi hudanganyika. Wanaitikisa boti, wanaona haichezi, wanasema iko sawa. Mafiga matatu hayachezi hata moja likiwa fupi. Kitu chenye nukta tatu hukaa tuli siku zote. Kitakachobadilika ni sufuria kulala upande. Kwa hiyo usitikise, pima. Chukua rula, pima kutoka kioo hadi kona ya kulia ya ubao wa nyuma, kisha kona ya kushoto. Zikipishana zaidi ya milimita moja, ama sponsoni moja iko chini, ama bodi yenyewe imepinda. Kwenye boti ya kujenga utarekebisha kwa kuongeza au kupunguza kisigino. Ya dukani, paka gundi ya epoksi kidogo kwenye kisigino kifupi, cha upande ambao kona yake imekaa chini, ikikauka ipige msasa mpaka vilingane.

Hatua ya 2: Pembe za sponsoni

Geuza boti chali juu ya sponji. Laza kioo juu yake kiguse visigino viwili na strati, weka kipima pembe juu ya kioo, bonyeza sifuri. Ondoa kioo, sasa weka kipima kwenye uso wa chini wa kila sponsoni, ule unaokanyaga maji. Utasoma digrii 2 hadi 4 hivi, upande wa mbele ukiwa ndio ulioinuka boti ikikaa wima. Kama ni 2.5 au 3 si jambo la kukukosesha usingizi. La muhimu ni kulia na kushoto kusoma sawa. Tofauti ya nusu digrii ni nyingi mno.

Pitisha ukucha kwenye ukingo wa nyuma wa kisigino. Unatakiwa ukwaruze ukucha. Ukingo uliozibwa na rangi ukawa mviringo hunyonya maji badala ya kuyaachia, na boti itadunda utafute mchawi. Nyoosha kwa msasa uliobandikwa kwenye kibao kilichonyooka, usitumie kidole.

Hatua ya 3: Strati

Boti ikiwa bado chali na kipima kikiwa bado na sifuri ile ya kioo, pima pembe ya strati. Anza na sifuri kamili, yaani strati sambamba na kioo. Shika hivi kichwani, utavihitaji baadaye:

Ncha ya nyuma ya strati ikielekea chini, propela inasukuma tezi juu, na omo inashuka. Ikielekea juu, tezi inavutwa chini, omo inapanda. Ukishusha strati nzima bila kugusa pembe, tezi inainuka na omo inashuka. Ukiipandisha, tezi inakaa chini, omo inatazama mbingu. Kila badiliko la kimo liwe milimita 1, la pembe liwe nusu digrii.

Kaza skrubu, kisha shika ncha ya strati kwa vidole viwili uisukesuke. Ikicheza hata unywele, acha kila kitu uitibu hiyo. Nilimaliza miezi miwili ya kiangazi nikibadilisha uzito na propela, kumbe skrubu moja ya strati ilikuwa imelika nyuzi, na kila nikivuta kifyatuo pembe inajibadilisha yenyewe.

Hatua ya 4: Kitovu cha uzito

Rudisha propela, usukani na pezi, funga kifuniko, boti iwe kama inaingia majini. Ilaze juu ya kijiti cha mviringo, mwiko wa ugali unafaa kabisa, uisogeze mpaka isimame bila kuegemea omo wala tezi. Tia alama ubavuni. Kwa boti ya ukubwa huu, anza alama ikiwa sentimita 3 hadi 4 nyuma ya visigino vya sponsoni. Kama kijitabu cha boti yako kinasema vingine, fuata kijitabu.

Sogeza betri kwanza. Chubwi ziwe za mwisho. Betri ikipata mahali pake, chora mstari wa kalamu mbele na nyuma yake ndani ya boti, na velkro iwe ya kutosha kiasi cha kuinua boti nzima kwa kuishika betri. Betri inayoteleza sentimita moja katikati ya mbio ni boti nyingine kabisa.

Hatua ya 5: Propela

Propela mpya ya mashindano haijawa tayari ikitoka kwenye pakiti. Nyingi zimetupwa tu kiwandani: kingo butu, bawa moja zito kuliko jingine. Ukiifunga hivyo, tezi nzima inatetemeka, na mtetemo huo utauona kama kudunda.

Kwanza soma namba yake. Kwenye propela za Octura, kwa mfano, X442 ina kipenyo cha milimita 42, na ile 4 ya mwanzo inasema hatua yake ni mara 1.4 ya kipenyo, yaani kwa mzunguko mmoja ingesonga kama milimita 59 kama maji yasingeteleza. Kwa seli 4, milimita 40 hadi 42 inatosha kujifunzia.

Onyo kubwa: propela nyingi za aina hii ni za shaba ya berili. Vumbi lake likiingia kwenye mapafu ni sumu, tena ya kudumu. Usizinoe kavu, usitumie mashine ya kuzungusha, usifanye jikoni. Tumia msasa wa maji ndani ya beseni, vaa barakoa ya vumbi na glovu, futa meza kwa kitambaa kibichi ukitupe. Kama hilo ni zito kwako, kuna watu wanaouza zilizonolewa tayari. Lipa.

Kusawazisha ni hivi. Pitisha propela kwenye kipini cha mizani, iache izunguke polepole. Bawa zito litashuka chini na kutulia hapo. Litie alama ya kalamu, lipige msasa kidogo kwenye uso unaotazama omo, si ule unaosukuma maji. Misuguo mitano, rudisha kwenye mizani. Misuguo mitano, rudisha. Itafika mahali ukiiacha popote inabaki popote: bawa likiwa juu linakaa juu, ukililaza mlalo linabaki mlalo. Mara ya kwanza itakuchukua saa nzima. Kisha nyoosha ukingo wa mbele wa kila bawa mpaka uweze kukata karatasi.

Hatua ya 6: Shafti ya waya

Ichomoe, ifute, ipake grisi, irudishe. Acha nafasi ya milimita 3 kati ya nyuma ya strati na kishikizi cha propela, kwa kuwa waya ukibeba mzigo hujikaza na kufupika. Bila nafasi hiyo kishikizi kitasaga strati na mota itaungua. Grisi upya kila baada ya mizunguko miwili au mitatu ya betri.

Hatua ya 7: Usukani na pezi la kona

Hapa pana mtego kwa anayenakili picha. Haidropleni kubwa za Marekani hushindana zikikata kona kushoto, na pezi lao liko sponsoni ya kushoto. Boti za rimoti tunazikimbiza kinyume: kona zote kulia, pezi kwenye sponsoni ya kulia. Propela ya kawaida, ukiitazama kwa nyuma, inazunguka kinyume na mishale ya saa. Nguvu yake inakandamiza sponsoni ya kulia na kuvuta omo kulia. Ukilazimisha kona ya kushoto kwa kasi, utaiokota ikiwa chali.

Boti ikiwa chali, pima umbali kutoka mstari wa kati hadi ncha ya mbele ya pezi, kisha ncha ya nyuma. Vilingane. Pezi lililopinda kwa kugonga kijiti ni ugonjwa nambari moja wa boti iliyokuwa nzuri wiki iliyopita. Usukani usimame wima, usicheze kwenye bawaba, na ukiachia rimoti uelekee mbele kabisa.

Hatua ya 8: Rimoti

Vua propela, washa vyote, vuta kifyatuo kidogo mota izunguke, kisha zima rimoti. Mota lazima isimame. Isiposimama, weka ulinzi wa kupotea kwa mawimbi kama kijitabu cha rimoti kinavyoelekeza, na usiende ziwani mpaka umeuona ukifanya kazi. Boti ya kilo mbili isiyo na mwenyewe ni kombora.

Hatua ya 9: Majini

Chagua maji yenye mawimbi madogo ya kukunjakunja, upepo mdogo, pasiwe na waogeleaji wala bata. Hakikisha bomba la kupoza mota linatoa maji. Jaza vipande vya sponji gumu kwenye nafasi zote tupu ndani, ziba kifuniko kwa selotepu.

Raundi tatu za kwanza nusu mwendo. Tazama sponsoni tu, usitazame maji yanayoruka nyuma hata kama yanapendeza. Kisha ongeza mwendo kwenye mstari ulionyooka pekee. Kabla ya kona legeza kidogo, ingia, toka, ndipo uvute tena. Usiachie kifyatuo ghafla katikati ya kona, pua itazama. Ukielekea kwenye upepo, legeza. Dakika 2, mrudishe nahodha nchi kavu.

Pima seli: zilianza volti 4.2, zisiwe chini ya 3.5. Gusa mota. Ukishindwa kuishika kwa sekunde tano, propela ni kubwa mno, usijidanganye kwamba ni joto la jua. Betri za kulala wiki nzima ziache kwenye volti 3.8 kwa seli.

Andika ulichokiona. Badilisha kitu kimoja. Rudi majini. Ukibadilisha viwili, ikatulia, hujui dawa ni ipi. Ikizidi, hujui sumu ni ipi.

Ikikusumbua

*Omo inapanda, inataka kubinuka.* Sogeza betri mbele milimita 5. Bado? Ncha ya strati ielekee chini nusu digrii. Bado? Shusha strati milimita 1. Kwa mpangilio huo. Ukishafika digrii moja na nusu bila nafuu, rudi Hatua ya 2, ulipima vibaya.

*Imeganda majini, nzito, pua inalowa.* Ni kinyume chake: betri nyuma kidogo, au umeinamisha strati mno.

*Mbele inadunda.* Kingo za visigino butu, au uzito uko nyuma mno. *Nyuma inadunda.* Strati inacheza, strati iko chini mno, au hukusawazisha propela ukitumaini hatutajua.

*Inayumba kulia na kushoto.* Sponsoni hazilingani. Ikiwa ni ya kushoto tu inayonyanyuka ukivuta kifyatuo, hiyo ni nguvu ya propela. Sogeza betri kushoto nusu sentimita.

*Inavuta kulia kwenye mstari ulionyooka.* Kidogo ni kawaida, rekebisha kwenye rimoti. Ikiwa nyingi, pezi limepinda.

*Kona inapanuka, boti inateleza nje.* Nyoosha na kunoa ukingo wa mbele wa pezi. *Tezi inateleza kando na boti inageuka nyuma.* Umeingia kwa kasi, au strati iko chini mno, imeinua nyuma na haishiki maji.

*Mota inakata baada ya dakika moja.* Bomba la kupoza limeziba kwa jani. Lipulize kwa mdomo.

*Uko pwani, maji ni ya chumvi.* Inawezekana, lakini siku hiyo hiyo mwagia boti maji yasiyo na chumvi ndani na nje, pitisha maji hayo kwenye bomba la kupoza, chomoa shafti, kausha, grisi. Ukisema utafanya kesho, beringi za mota zitakuwa zimeshaanza kulia.

*Imezimika katikati ya ziwa.* Fimbo ya kuvulia yenye mpira wa tenisi mwisho wa uzi: rusha upite boti, vuta polepole mpaka uzi uikumbatie. Usiogelee kuifuata, maji ya huku yanaua kwa baridi. Fimbo ikishindwa, kaa upande ambao upepo unaelekea, na usubiri.